Mbwa Aliyekuja na Sweta ya Tata

Juzi nilinunua kopo la mafuta ya kukamulia pale Magwagwa. Si ya ng'ombe, ng'ombe sina tena. Ni ya visigino vyangu ambavyo vimepasuka kama shamba la Januari. Nilipofungua kifuniko ile harufu ikanipanda puani, nikakaa chini. Mjukuu wangu alikuwa hapo, akafikiri ni presha.

"Nyanya, nikuletee maji?"

Nikamwambia si maji, ni mbwa. Akaniangalia vile vijana wanavyotuangalia siku hizi, wakishakata shauri kwamba akili imeanza kuvuja.

Basi hii ninawaandikia ninyi wa rika langu, kwa sababu ninyi mnajua kunyolewa ni nini, na mmelelewa katika zile nyumba ambazo mtoto haambiwi kitu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mtanivumilia nikizunguka. Hata njia ya kwetu Gesima ilizunguka, na watu walifika.

Tata, yaani baba yangu mzazi, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko upande wa Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi, akinukia vitunguu na sabuni ya kipande. Sisi tulibaki Gesima watatu: Mama, mimi, na Magokoro, ndiye nyanya yangu aliyemzaa Tata. Mama alikuwa mja mzito, tumbo limekua mpaka hawezi kupenya katikati ya michai. Mimi niliambiwa ni viazi vitamu. Nilikaa miezi nikiogopa viazi vitamu. Ndiyo maana nasema mtoto alikuwa haambiwi kitu. Alikuwa anaachiwa vitu vilivyo mbele ya macho ajipangie mwenyewe, na mimi nilijipangia.

Siku moja mchana akaja Ongeri. Ongeri alikuwa mtu wa ukoo wetu, akitunza maua ya mzungu huyo huyo ambaye Tata alimpikia. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani ya kikapu ilikuwepo sweta ya kijani ya Tata, ile Mama aliyomfumia mwenyewe, ambayo mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Nikakimbia nikijua Tata yuko nyuma yake njiani. Hakukuwa na mtu njiani. Halafu sweta ikapiga chafya.

Magokoro aliinama akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ongeri, umeniletea nini?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa gani? Huyu si ndama aliyetoka kabla ya siku zake?"

"Ni mbwa wa mzungu. Mwanao amesema mumtunze."

"Na nani amemchuna?"

"Hajachunwa. Ati ndivyo wanavyozaliwa. Mzungu anasema mbwa hawa ni wa zamani kuliko Yesu."

"Mbona hana meno?"

"Anayo, machache. Hivyo pia ndivyo wanavyozaliwa."

"Basi wanazaliwa wamezeeka," Magokoro akasema.

Mimi nilimeza yote kama yalivyo. Kuwa ni ukoo ndio wa zamani, hilo lilinipita. Nilielewa kwamba mbwa huyu mwenyewe, huyu aliyekuwa akitetemeka kikapuni, alikuwa amezaliwa kabla ya Yesu, na ndiyo maana meno yamemwisha. Nilimwamkia kwa heshima, mikono miwili. Ongeri alicheka. Magokoro hakucheka, akaniambia, "Umefanya vizuri, huwezi kujua."

Mbwa alikuwa wa rangi ya kijivu mwili mzima, ngozi laini kama lile jiwe la kuchonga la Tabaka lililosuguliwa kwa maji, na masikio marefu yaliyosimama. Hana unyoya. Katikati ya masikio palikuwa na nywele chache, nilizihesabu baadaye zikafika kumi na moja, na mkiani kidogo. Ukimgusa alikuwa moto. Moto kabisa, kama mtoto mwenye homa. Ongeri akakunja vidole akitoa maagizo ya Tata: apakwe mafuta lakini kidogo tu, kiasi cha kung'arisha kiganja, maana yakizidi anatoka vipele. Asikae jua la mchana, ataungua kama mzungu mwenyewe. Baridi ikija avalishwe. Aoshwe mara moja kwa wiki, masikio yapanguswe kwa kitambaa. Chakula kilainishwe.

Mama akauliza, "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Ongeri akaniangalia mimi. Mnajua lile jicho. Magokoro akasema, "Wewe, kachote maji." Mtungi ulikuwa umejaa, lakini nilikwenda. Nilikwenda hadi nyuma ya migomba nikasimama. Sikusikia yote, upepo ulikuwa unachezea majani. Nilisikia hospitali. Nilisikia Nairobi. Nilisikia Ongeri akisema hakuna anayejua ni lini. Nikamwona Mama ameshika nguzo ya nyumba, analia, na Magokoro anamwambia, "Nyamaza, mtoto atakuona."

Sasa ngoja kwanza, nisiruke. Lazima niwaeleze ya kwa Moraa, la sivyo mtanicheka bure. Moraa alikuwa rafiki yangu, kwao ni hapo chini yetu, unavuka kijito. Babake alikuwa akifanya kazi mbali. Majuma machache kabla ya huyo mbwa, alikuja mwanamume kwao amebeba koti la babake Moraa mkononi. Koti tu. Mwenyewe alifika baadaye ndani ya sanduku. Na baada ya mazishi wakanyolewa wote, mjane kwanza, halafu watoto mmoja mmoja, hata kitindamimba ambaye bado alikuwa anatambaa, vichwa vyao vikapakwa mafuta vikang'aa juani. Nilimuuliza Moraa kama anaumwa, akasema haumwi, ila baridi. Nikamuuliza itakuwa hivyo mpaka lini. Akasema nywele zikiota, msiba umekwisha.

Haya. Nguo ya Tata imekuja bila Tata. Imeletwa na mtu mkononi. Ndani yake kiumbe aliyenyolewa kuanzia pua hadi mkia, na maagizo ya kumpaka mafuta. Mama analia, mtoto asione. Niambieni ninyi wenye akili, mngefikiri nini?

Nilijua Tata amekufa. Kitu ambacho sikukielewa ni kwa nini sisi hatunyolewi. Mama alikuwa na nywele zake, amezisuka. Magokoro na mvi zake chini ya kitambaa. Kesho yake Magokoro akaamka akachuma chai kama kawaida. Nikaona basi, wamemwachia mbwa msiba. Yeye ndiye mkubwa, wa zamani kuliko Yesu, amenyolewa kwa niaba yetu sote. Na mimi nikangoja nywele zake ziote ili msiba uishe, waniambie.

Kazi ya kumtunza nilipewa mimi. Magokoro alimpa jina Mogeni, ambalo kwetu ni jina la mtu, maana yake mgeni. Mzungu alikuwa amempa jina lingine, lakini Ongeri mwenyewe alilitamka mara tatu kwa njia tatu. Asubuhi nilimtoa jua likiwa bado changa, nikamrudisha ukungu wa Gesima ukishapanda na jua kuanza kuuma. Mafuta yalikuwa yale ya kukamulia, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo, Magokoro akichota kwa kidole kimoja na kunisugulia kiganjani. Nikitaka kuongeza aliniuliza, "Yote hayo ya nini? Unakaanga?" Siku ya kwanza nilizidisha, akatoka vipele tumboni kama kijana anayebalehe, na Magokoro akanichapa kwa mwiko. Mogeni alikula ugali wa wimbi uliolowekwa katika maziwa, na mchuzi wa chinsaga, ile mboga chungu, aliukataa, akageuza uso kama mke mdogo aliyenuna.

Ijumaa mchana ilikuwa maandalio, sisi ni Wasabato, kila kitu kinaoshwa kabla jua halijazama. Basi Mogeni aliogeshwa baada yangu, kwa beseni lile lile na maji yale yale. Mama Moraa akituona kutoka ng'ambo ya kijito alipiga kelele.

"Magokoro! Sasa huyo naye utampeleka kanisani?"

"Nikimpeleka atakaa kimya kuliko wewe!"

Lakini moyoni alisumbuka, Magokoro. Nilimsikia akimuuliza Mungu, kwa sauti, kama vile anavyomuuliza mtu wa dukani, kama ni dhambi kumpaka mbwa mafuta, mnyama najisi, wakati waliopakwa ni wafalme. Sijui alijibiwa nini. Ninachojua ni kwamba baridi ilipokaza alimpandisha kitandani kwake na kumlaza juu ya magoti yake yaliyokuwa yakimuuma, na asubuhi akaamka akitembea bila fimbo. Hakumwambia mtu. Mjukuu wangu juzi amenitafutia mbwa hao kwenye simu, akanisomea kwamba watu wa nchi yao huko mbali, tangu zamani sana, walilala nao hivyo hivyo kwa ajili ya maumivu ya viungo. Nikamwambia Magokoro aliligundua hilo bila simu. Lakini nimetoka njiani.

Kila asubuhi nilihesabu nywele za Mogeni. Kumi na moja. Kesho yake kumi na moja. Siku nyingine nilipata kumi na mbili, moyo ukaruka, kumbe ni unyuzi wa sweta. Mwisho wa mwezi ulifika, Tata hakuja. Hakuna aliyesema kitu. Mama alikaa sana kitandani na lile tumbo lake la viazi. Moraa tayari alikuwa na nywele fupi kama velveti, anaruhusu niziguse. Mogeni bado vilevile. Nikaanza kufikiri labda msiba umemzidi. Mtu mmoja hawezi kubeba msiba wa nyumba nzima, hata akiwa mzee namna gani. Kwa Moraa walikuwa watano wakagawana, na nywele zikaota haraka. Mogeni alikuwa peke yake.

Nikaamua kumsaidia.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Magokoro alikuwa ameshuka kijitoni na nguo za maandalio. Mama alikuwa amelala. Nilitoa wembe mahali Mama alipouchomeka ukutani, ule wa kukatia kucha, nikachukua sabuni na kopo la mafuta, nikaenda na Mogeni nyuma ya migomba. Nilijinyoa. Msiniulize nilivyojinyoa. Nyuma niliacha vishungi, mbele nikajikata mara mbili, damu ikanishuka kwenye nyusi. Mogeni alikaa ananitazama huku akitetemeka ndani ya sweta ya Tata, mikono imekunjwa. Nilipomaliza nikajipaka mafuta, kiasi cha kung'arisha kiganja, nikampaka na yeye. Nikamwambia, "Sasa tuko wawili." Nilihisi baridi kichwani kama alivyosema Moraa, na nilihisi pia, nisiwafiche, nimekuwa mtu mkubwa.

Halafu tukatoka njiani kuota jua.

Na Tata alikuwa anapanda njia.

Alikuwa na mfuko begani na kofia yake. Amekonda. Mimi nikasimama. Sikufurahi, ndugu zangu. Mtu aliyekufa anapopanda njia ya kwenu asubuhi na mfuko begani hufurahi, unakauka. Naye akasimama. Aliniangalia kichwa, kile kichwa kinachong'aa na damu, akamwangalia mbwa, akaniangalia kichwa tena. Mfuko ukamtoka begani.

"Ni nani?" akauliza.

Nikaangalia nyuma yangu, labda anamuuliza mtu mwingine.

"Mtoto wangu, ni nani? Ni mama yako?"

Nilikuwa nawaza, kumbe wafu hawajui kama ni wao. Nilitaka kumwambia "ni wewe" lakini niliona ni kumkosea adabu, mtu kuambiwa hivyo na mtoto wake. Kwa hivyo nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuelewa alivyokuelewa.

"Ilikuwa kuzaa?" akasema. "Amekwenda na mtoto?"

Nikaanza kulia kwa hofu, na hiyo ndiyo ikammaliza. Tata alivua kofia, akakaa chini katikati ya njia, kwenye tope, mwanamume mzima, akaweka mikono juu ya kichwa akapiga ukemi. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile. Mogeni alikimbia kumrukia kifuani na sweta yake inaburuta, anamlamba uso, na Tata anamsukuma, anarudi, anamsukuma.

Mama alitoka nyumbani ameshika kiuno. "Ni nani analia kwangu?"

Tata aliinua macho akamwona, na tumbo lake mbele. Nilifikiri atasimama. Hakusimama. Alimwangalia kwa muda mrefu, mdomo wazi, halafu akageuka akanitazama mimi, na mimi namtazama yeye, na kati yetu wawili sijui ni nani alikuwa amepotea zaidi.

"Wewe, nani amekunyoa?" Mama akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikanyoosha kidole. Kwa Tata.

Magokoro alifika kutoka kijitoni anahema, amesikia ukemi, nguo mbichi zimemlowesha mgongo. Ndiye aliyeelewa kwanza. Alinishika sikio akaliinua mpaka nikasimama kwa vidole. "Umemzika mwanangu! Umemzika na huyu hapa anatembea!" Mnajua ninyi ni jambo gani, kumnyolea mtu aliye hai. Si mchezo wa watoto hata leo. Alimkataza Tata kuingia nyumbani. Akamwambia asimame hapo hapo nje, akasali sala ndefu ya Kisabato, na ilipoisha akamtuma Mama alete kuku, akafanya mambo mengine ambayo kanisani hayasemwi na mimi pia sitayasema. Tata alitii yote. Mwishoni ndipo akapita mlangoni.

Ukweli ulikuwa mdogo tu. Mzungu aliugua ghafla, akapelekwa hospitali Nairobi, akakataa kula chakula cha mtu mwingine, na Tata ikabidi afuatane naye. Hakuna aliyejua ni lini watarudi. Mama alilia kwa sababu siku zake zilikuwa karibu na mume hayupo. Mzungu alipopata nafuu alipandishwa ndege, hakurudi tena, na mbwa akabaki kuwa wetu. Sweta Tata aliitoa mwenyewe ili mbwa asife baridi njiani. Ni hayo tu. Wangeniambia pale pale mbele ya kikapu, ningekuwa na nywele.

Jioni, kabla Sabato haijaingia, Magokoro alidai nichapwe. Tata aliniita jikoni. Mogeni alikuwa amejikunja karibu na mafiga.

"Nani alikuambia nimekufa?"

"Ni Mogeni."

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Tata hakucheka, au alicheka ndani, sijui.

"Alikuambia vipi?"

"Alikuja amenyolewa."

Akanishika kichwa, akapitisha kidole kwenye yale majeraha mawili.

"Na ulinililia?"

Ningeweza kudanganya. Lakini Sabato ilikuwa inaingia.

"Hapana, Tata."

"Siku zote hizo? Hata kidogo?"

"Nilikuwa na kazi ya kumpaka mafuta."

Magokoro akasema, "Unaona? Mchape." Tata akasema, "Mama, niache kwanza." Halafu akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Sawa. Kunyoa umeshaninyolea. Siku yangu ikifika usinyoe tena. Utabaki na kulia tu." Akanipa kiazi kitamu kutoka majivuni. Nilikiogopa, nikampa mbwa.

Sijui kama alikuwa anatania. Hilo ndilo nimelibeba maisha yangu yote na sijalijua. Sikumuuliza, kwa sababu kwetu humuulizi baba kuhusu siku yake, na kila mwaka uliopita ilizidi kuwa vigumu. Mogeni aliishi nasi miaka, mdogo wangu alijifunza kutembea akishika masikio yake, na Tata hakulitaja jambo lile tena hata mara moja.

Tata alikufa kweli nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Baada ya mazishi tuliitwa kwa kunyolewa. Shangazi aliyeshika wembe akaniita jina, nikatoka mbele, nikasimama karibu na kigoda, sikukaa.

"Mimi nilishamnyolea."

"Lini? Tumemzika jana."

"Zamani."

"Zamani gani? Mtu ananyolewa kabla ya kifo?"

Mama alikuwa ameketi pale, mjane, kichwa tayari kimenyolewa. Magokoro hakuwapo tena duniani. Nilimwangalia Mama nikitaka aseme neno, yeye alikuwa jikoni siku ile, alisikia. Aliniangalia, akainamisha uso. Sijui kama alisahau, au alikumbuka akaona si neno la kusema mbele ya watu. Wakaanza kunong'ona. Huyu anaringa. Huyu ni wa mjini sasa. Hakumpenda babake. Mdogo wangu aliyekuwa nyuma yangu akanivuta nguo, "Dada, kaa tu, ni nywele tu." Kidogo nikae.

Kisha nikawaza, kama alikuwa anatania, atanisamehe. Kama hakuwa anatania, na mimi nikakaa pale, nitakuwa nimemzika mara mbili.

Nikafunga kitambaa changu, nikawapita wote, nikaenda nyuma ya migomba na nywele zangu zote, na huko nikalia mpaka wakaja kunitafuta.